Nnko na Wenzake

Sogeeni karibu. Nitawapa kitu kimoja cha kugawa, nacho hakikatiki vipande. Atakayedhani amepata jibu nikiwa bado katikati, alimeze kwanza, maana mimi mwenyewe nimelipata mara tatu, na mara zote tatu nimepiga magoti nikamwomba Mungu anisamehe kwa kulipata.

Palikuwa na watu watatu katika maabara ya kemia, kwenye chuo kilicho chini ya mlima, upande ule ambao maji yake yana floraidi. Wa huku mnaijua. Wa mbali niwaambie: ni madini yaliyo ndani ya maji, hayana rangi wala harufu. Mtoto akiyanywa kwa wingi tangu uchanga, meno yake ya ukubwani huota ya kahawia, kana kwamba yamelowekwa kwenye chai ya rangi. Yakizidi mno, hata miguu hupinda. Ukicheka mjini wanajua umetoka wapi, kwa hiyo wengi wetu hucheka tumeziba mdomo kwa kiganja.

Watatu hao kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Ndewario Mbise alikuwa fundi wa maabara, na kipawa chake kilikuwa moto. Digrii hakuwa nayo. Alichoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru nyuma ya jengo, na kwa kutazama moshi alijua mfupa umefika wapi. Moshi ukiwa mweupe alisema, "Huyu bado analia." Ukiwa wa bluu alisema, "Sasa amenyamaza," akaziba tanuru kwa udongo. Mfupa uliochomwa ukasagwa, maji yakapita humo, hushika floraidi. Hilo watu walilijua zamani. Ambalo halikujulikana pale kwetu ni uchomwe vipi ili ushike ya kutosha.

Aikande Swai alikuwa mpimaji, na kipawa chake kilikuwa macho. Upimaji wao ulikuwa wa rangi: dawa nyekundu inatiwa katika maji, floraidi inaipausha, halafu mashine inasoma imepauka kiasi gani. Aikande aliweza kushika chupa mbili dirishani akasema, "Hii imezidi hii kwa nukta mbili," na mashine ikaja kusema hivyo hivyo. Ndewario alimtania kwamba atakayemwoa asithubutu kuzidisha maji kwenye mchuzi.

Dakta Elingaya Nnko alikuwa mkubwa wao, na kipawa chake kilikuwa kalamu. Angechukua namba kumi na tano kavu, akakaa nazo siku mbili mlango umefungwa, na akitoka zimekuwa habari ambayo hata mzungu wa mbali atataka kujua mwisho wake. Majarida makubwa yaliyokataa kazi za wengine yalichukua zake.

Na palikuwa na mtu wa nne, ambaye sikumhesabu kwa sababu hakuwa na kipawa. Alikuwa anafagia, anaosha chupa na kujaza madumu. Ndiye mimi.

Sasa ili mnielewe, niwaambie desturi ya watu wale. Mtu akifanya utafiti huandika makala. Mwingine huko duniani akiisoma na kuitumia katika kazi yake, anamtaja mwenyewe. Kutajwa huko wao wenyewe walikuita kuitwa. "Umeitwa mara ngapi mwaka huu?" waliulizana kwenye korido, kama wakulima wanavyoulizana habari za mvua. Kila Januari karatasi ilibandikwa ubaoni: majina upande mmoja, upande wa pili idadi ya kuitwa. Aliyeitwa sana alipanda cheo. Ambaye hakuitwa alipita pale ubaoni ametazama sakafu, na mimi ndiye ninayeipiga deki hiyo sakafu, namjua kila aliyeitazama.

Nilikuwa nikisoma ule ubao kila Januari, nami najua kwamba siku moja sote tutaitwa. Ila sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nayaunganisha sasa.

Mara tatu Ndewario alichoma, mara tatu Aikande akapima. Maji waliyoyatumia yalitoka Engurati, kijiji cha tambarare chenye kisima kibaya kuliko vyote. Yaliingia katika unga wa mfupa yakiwa na miligramu tisa za floraidi kwa lita, yakatoka na tatu. Kinachoruhusiwa ni moja na nusu.

"Tatu haitoshi," Dakta Nnko alisema. "Tatu hainywesheki, na tatu haiandikiki."

"Nipe mara moja nyingine," Ndewario akasema. "Saa nane za moto, si sita. Nauona kabisa, Dakta, ule moshi haujanyamaza."

"Makala inatakiwa Jumatatu."

"Basi Ijumaa asubuhi utapata."

Ijumaa hiyo ndiyo ninayowaletea.

Katika maabara kulikuwa na dumu la bluu lililobandikwa plasta, na juu ya plasta Aikande ameandika kwa wino: SIFURI. Humo yaliwekwa maji ya mvuke. Kuna mtambo unachemsha maji, unanasa mvuke wake, mvuke unarudi kuwa maji yasiyo na kitu chochote ndani. Kabla ya kupima, Aikande alichukua maji ya dumu lile, akatia dawa yake nyekundu, akaionyesha mashine, kana kwamba anaiambia: hapa hakuna kitu, anza kuhesabu hapa. Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu ni maji masafi sana, na kwamba kazi yangu ni kuhakikisha dumu halikauki.

Asubuhi ile nilifika saa moja. Dumu lilikuwa kavu. Mtambo ulikuwa baridi kama jiwe. Ndewario alikuwa nje kwenye tanuru lake, uso mweusi kwa masizi, anaimba. Nilitaka kwenda kumuuliza. Lakini juma lile lile nilikuwa nimekaripiwa kwa kuchelewa, na nikaona nikienda kusema dumu ni kavu, nitaulizwa kwa nini nilingoja hadi Ijumaa kulitazama. Ndugu zangu, nilifungua bomba. Maji ya bomba letu la chuo, yenye floraidi mbili, tunayokunywa wote. Niliyatia sufuriani nikayachemsha. Na kwa kuwa nilitaka kazi yangu iwe nzuri, nikayachemsha mara ya pili. Yakapoa, nikamimina.

Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Hilo nimekuja kulijua na mvi kichwani.

Aikande akaingia amevaa koti lake jeupe. "Shikamoo mama. Sifuri ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo."

Neno hilo moja, "ipo," ndilo nimelipeleka mbele za Bwana mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kulitamka.

Akaiambia mashine: hapa hakuna kitu. Na mashine, kwa kuwa haijui ila linaloambiwa, ikaanza kuhesabu kutoka kwenye mbili ikidhani ni sifuri. Hata maji ya kuijaribia aliyachanganya kwa dumu lile lile, kwa hiyo kila kitu kilikubaliana vizuri. Yale ya Engurati yaliyochujwa yakasomeka moja.

"Moja!" Aikande alipiga kelele. "Ndewario! Njoo uone! Moja!"

Ndewario aliingia mbio, akatazama, akanishika mikono mimi na ufagio wangu tukazunguka meza. "Niliwaambia! Saa nane! Nimeupata moto, mama, nimeupata!" Na mimi nilicheza. Sikuwa najua ninachocheza.

Dakta Nnko alijifungia siku mbili. Jumatatu makala ikawa tayari, imebaki kitu kimoja: jina la nani litangulie. Maana desturi yao nyingine ni hii. Makala ikiwa na watu wengi, anayeitaja huandika jina la kwanza tu, wengine anawafunika kwa maneno mawili: na wenzake. Wa kwanza anaitwa duniani kote. Wengine ni wenzake.

"Litangulie langu," Ndewario alisema. "Makala inahusu moto, na moto ni wangu."

"Bila namba moto wako ni moshi wa kufukuzia mbu," Aikande akamjibu. "Nani amejua kwamba umefaa? Mimi."

Dakta akavua miwani. "Na nisingeandika, mwanangu, namba zako zingesomwa na mjusi wa ukutani. Lina mantiki kila mnalosema. Ila nikipeleka jina la fundi mbele, hawatafungua hata bahasha."

"Kwa hiyo mimi ni wenzake," Ndewario akasema.

"Wewe ni wenzake wa kwanza."

Wakacheka, na kicheko cha Ndewario kilikuwa kifupi kuliko vya wengine. Makala ikaenda hivyo: Nnko na wenzake.

Ikaitwa. Mwaka wa kwanza mara tano, wa pili arobaini, wa tatu mia na kumi na mbili. Nchi nisizoweza kutaja majina yake zilikuwa zinachoma mifupa kwa saa nane. Dakta akawa Profesa Nnko. Ndewario, aliyekuwa kibarua wa mkataba kwa miaka kumi na moja, akaajiriwa moja kwa moja. Aikande akapata nafasi ya kusomea udaktari wake juu ya moto ule ule wa saa nane. Kanisani nilisimama nikatoa shukrani kwamba Mungu ameinua maabara yetu. Niliisema maabara yetu nikitazama kushoto na kulia ili watu waone.

Na kule Engurati likajengwa chujio kubwa la saruji, limejaa unga wa mfupa, lina bomba na kufuli. Mjenzi aliambiwa aandike kama kwenye makala, akaandika ubavuni kwa rangi ya bluu: NNKO NA WENZAKE. Kaya sitini zikanywa hapo.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Kabla ya chujio, kina mama wa Engurati walikuwa wanachota maji ya kuwanywesha watoto wachanga kwenye chemchemi ya juu. Ni mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, lakini maji yale ni mema, hayana floraidi kabisa. Chujio lilipofunguliwa, njia ya chemchemi ikaota nyasi. Kwa nini mtu aende? Wasomi wamesema moja.

Miaka ikapita. Ikaja barua kutoka kwa mtafiti mmoja wa ng'ambo: tumechoma saa nane, tunapata tatu. Profesa Nnko akamjibu kwa upole kwamba aangalie tanuru lake. Ikaja ya pili, kutoka kwa mtu mwingine, nchi nyingine: tatu. Akamjibu vile vile. Nilimsikia akimwambia Aikande mlangoni, "Hawana mtu kama Ndewario, shida yao ni hiyo." Ndewario alipoletewa maneno hayo alifurahi wiki nzima.

Mwaka wa saba wa chujio, siku ya Jumanne, nikiwa napiga deki korido, alikuja mama mmoja wa Kimaasai amemshika mkono binti yake. Alisimama pale pakavu, hakutaka kukanyaga palipolowa.

"Namtafuta Nnko," alisema.

"Profesa yuko darasani, mama. Wewe ni nani nimwambie?"

"Mama Nashipai, wa Engurati. Mimi ndiye nashika ufunguo wa bomba." Akamvuta binti karibu. "Kama Nnko hayupo, niitie wenzake."

Nikamwita Aikande, na Ndewario akaja naye. Yule mama hakusalimia sana. Akamwambia binti, "Nashipai, waonyeshe."

Mtoto alikuwa na miaka saba. Meno mawili ya mbele ya utotoni yalikuwa yameng'oka, na mahali pake yanatokeza ya ukubwani, yamefika nusu. Akafungua mdomo.

Yalikuwa ya kahawia.

"Huyu alizaliwa mwezi ule mliofungua chujio," mama yake alisema. "Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa maji yenu. Hajanywa tone la mahali pengine. Dada yake mkubwa nilimnywesha ya chemchemi, meno yake kama maziwa. Kwa huyu nilipumzika. Nilisema, ahsante Mungu, huyu sitambebea maji." Akamfunga mtoto mdomo kwa kidole, taratibu. "Nyuma yake wapo watoto themanini. Meno yao ya ukubwani bado hayajaota. Naomba mniambie yataota vipi."



Aikande alichukua gari la idara mchana ule ule, akaenda Engurati, akarudi na maji ya chujio. Mtambo wa mvuke wakati huo ulikuwa mpya. Akapima. Tatu. Akapima tena. Tatu. Akatoa madaftari ya zamani, akaweka moja juu ya jingine, akakaa akiyatazama hadi chai aliyoletewa ikashika utando. Kisha akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Ijumaa ile. Maji ya sifuri yalitoka wapi?"

Nilikuwa ninaosha chupa nyuma yake. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeniona siku ile isipokuwa Yule anayeona. Chupa ilinitoka mkononi ikavunjika ndani ya sinki, nikasema, "Yalitoka bombani, mwanangu. Niliyachemsha mara mbili."

Aligeuka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mara mbili," akafunika macho.

Kesho yake tulikaa wanne ndani ya ofisi ya Profesa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukalia kiti mle ndani.

Ndewario ndiye aliyeanza. "Mama asingechota bombani kama mtambo ungekuwa mzima. Niliukausha mimi. Nilikuwa nje natazama moto wa mifupa nikausahau wa mtambo, koili yake ya kuchemshia ikaungua. Wiki mbili nilificha. Nilisema nikisharipoti watanizuia kuchoma."

Aikande akasema, "Rangi ya sifuri siku ile ilikuwa imepauka. Kidogo sana. Mashine haiwezi kulijua hilo, ila mimi niliona. Nilijiambia macho yamechoka, nikabonyeza. Ningekuwa sina macho haya, ningekuwa na udhuru."

Tukamtazama Profesa. Alifungua droo akatoa karatasi tatu, vile vipimo vitatu vya kwanza, tatu, tatu, tatu, na barua mbili za ng'ambo zimebanwa pamoja navyo. "Nilikuwa na tatu mara tatu na moja mara moja," alisema. "Nikaandika ile moja, kwa sababu ilikuwa na hadithi nzuri. Na hawa walioniandikia, niliwajibu vizuri sana. Hata wao wenyewe waliamini kosa ni lao."

Mnaona? Kila mmoja alianguka pale pale penye kipawa chake. Na mimi nisiye na kipawa nikaanguka penye bidii yangu.

Basi, mngedhani yameisha kwa kukiri. Yalianzia hapo.

Jarida lililochapa makala limeandikiwa, na limejibu: mmoja wenu atie saini aeleze kosa lilifanywa na nani na vipi, nasi tutaifuta makala. Bila jina, itabaki mahali pake hadi uchunguzi ukamilike, na uchunguzi ni wa miaka. Mwisho ni Jumatatu. Chuo nacho kimesema atakayetia saini ataondolewa kazini, na kila alichokipata kwa makala hiyo kitafutwa. Profesa amebakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima. Aikande anavaa joho la udaktari mwezi ujao. Ndewario hana cheti chochote cha kumwonyesha mwajiri mwingine, ana mikono tu.

"Mnasumbuka nini?" Profesa alisema tulipokaa tena, na sauti yake haikuwa ya ukatili. "Semeni ukweli kwamba maji yalikosewa na mfanyakazi wa usafi. Si uongo. Mama Anaeli huyu hayumo kwenye makala, hana jina la kupoteza."

"Hakuna aliyewahi kumwambia sifuri ni nini," Aikande akasema. "Miaka yote ile. Hata mimi."

"Aliulizwa ipo, akasema ipo," Ndewario akanong'ona, kisha akaona aibu, akanishika bega. "Nisamehe, mama."

Nilimsamehe. Alikuwa amesema kweli.

Engurati nako tulikwenda sote wanne, kuomba radhi na kulifunga bomba. Tulimkuta Mama Nashipai ameshalifunga. Alikuwa ameshika panga mkononi, na kwenye ubavu wa chujio amekwangua jina hadi saruji ikaonekana nyeupe. Kilichobaki ni nafasi tupu, na baada yake: NA WENZAKE.

Profesa akaanza, "Mama, sisi sote kwa pamoja tunasikitika..."

"Hapana," alimkata. "Mkija wanne mtasema robo robo. Kila mmoja atasema kipande chake, halafu atamtazama mwenzake. Mimi nilifungua bomba hili kila asubuhi kwa miaka saba. Jina langu wanalijua. Wananijia nyumbani wananionyesha vinywa vya watoto wao, wanasema, ni wewe uliyetuchotea. Sina wenzangu mimi." Akaelekeza panga kwenye ile nafasi. "Jumapili watu wote watakuwa hapa baada ya ibada. Nataka jina moja la kukaa hapo, na mwenye jina asimame karibu nami aseme yote, si robo. Makopo ya rangi yako kwangu. Na hilo neno la mwisho sikulifuta, mmeona? Wenzake wabaki. Lakini mmoja atangulie."

Tulirudi. Njiani tulikutana na kina mama wanapanda na madumu mgongoni, njia ya chemchemi imefyekwa upya. Wakatupisha. Hakuna aliyetusalimia.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nilipita ubaoni na deki yangu. Huwa hawabandiki hadi Januari, lakini siku hizi kuna kijana wa idara anaandika kwa chaki kila wiki makala yetu imeitwa mara ngapi, kwa fahari, kwa sababu hajui. Wiki iliyopita ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Leo ni mia nne na kumi na tisa. Watu saba wapya wamechota kwenye dumu langu wiki hii, na nyuma yao sijui kuna vijiji vingapi, wala watoto wangapi ambao meno yao yako bado ndani ya ufizi, yanajengwa.

Jina la Jumapili pale chujioni na saini ya Jumatatu vitakuwa vya mtu mmoja. Sasa niwape majibu yangu matatu ili msiyarudie kwa wepesi.

Kwanza nilisema, litangulie la Nnko. Aliyepokea heshima apokee na aibu. Nilipoinama kuomba, nikakuta ndani ya jibu lile wivu wa miaka mingi wa mtu anayefuta nyayo za wakubwa.

Nikasema basi Aikande, maana katika sisi wote ni yeye peke yake aliyejua sifuri ni nini na akaiona imepauka. Nilipoinama, nikakuta nimemtafuta mwenye ujuzi ili kutojua kwangu kunifiche.

Nikasema basi ni mimi. Hili nililipenda, nikasikia amani kidogo. Lakini nilipoinama safari hii nikajiona nimesimama pale Engurati mbele ya watu wote, jina langu limeandikwa mbele ya wasomi watatu, nao ni wenzangu. Na moyo wangu, Mungu anirehemu, ukafurahi. Tena kama ni mimi, dunia itasema ni mfagiaji tu, na ule utamu wa namba nzuri, na ile droo, na yale macho yaliyojiambia yamechoka, vitabaki maabara vikingoja Ijumaa nyingine.

Ndewario simtaji kwa sababu sijampata ndani ya moyo wangu. Huenda ni kwa kuwa ndiye aliyecheza na mimi. Nalo hilo ni kosa, mnihesabie.

Moto ulioacha mtambo ukaungua, macho yaliyoona yakapita, kalamu iliyochagua hadithi nzuri, na mkono uliofungua bomba ukasema ipo. Ondoa mmoja tu kati ya hao wanne, na meno ya Nashipai yangeota meupe. Kesho kutwa ibada itaisha saa nne, na Mama Nashipai atakuwa amesimama kando ya chujio na brashi yake mkononi, na nafasi pale ni ya mtu mmoja.

Je, wewe uliyesikiliza, ungemwambia aandike nani?